SOMO LA IJUMAA: SAMAKI WA ZIWA NI AMANA

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Katika Sura Fatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anataja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kwamba katika kila moja tunakula nyama mbichi. Basi sisi watu wa Tanganyika aya hii inatuhusu. Neno «bahr» kwa kiarabu ni maji makubwa yote, si ya chumvi tu.

1. Tujue neema yenyewe. Ziwa letu lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinafika mita 1.470. Duniani ni Baikal peke yake inayolipita kwa kina. Lakini samaki hawaishi mpaka chini. Kupita mita 200 hivi hakuna hewa ya kupumua. Kwa hiyo ghala yetu ni ile sehemu ya juu tu. Upepo wa kiangazi unavuruga maji na kupandisha chakula toka chini. Vijidudu vya majini vinakula, ndagala anakula vijidudu, mukeke na sangala wanakula ndagala, nasi tunakula wote. Ukikata chini, juu panaanguka.

2. Tujue uharibifu. Sura Rum, aya ya 41, inasema ufisadi umeonekana barani na baharini kwa yale mikono ya watu iliyofanya. Watoto wa ndagala wanakaa karibu na ufuko. Huko ndiko watu wanavuta mustikeri. Mustikeri ile ilitolewa bure ili mtoto asiumwe na malaria, na imetiwa dawa inayodhuru samaki. Mwenye kuivulia amefanya makosa mawili: amevunja amana ya mtoto nyumbani, na ameua samaki ambaye hajazaa. Ndoo moja ya leo ni vikapu vingi vya mwaka kesho.

3. Tujue mtihani. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili toka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazae. Wengine wanasema: riziki ni ya Mungu, nani anaweza kuifunga? Tuwajibu kwa Sura Al-A'raf, aya ya 163. Watu wa mji ule wa pwani walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo samaki walijitokeza wazi. Waliofanya hila waliangamia. Samaki kuonekana si ruhusa ya kumvua.

4. Lakini njaa nayo ni kweli. Mvuvi ambaye watoto wake wanalala bila kula hatutamfundisha kwa maneno matupu. Mwenye mtumbwi na taa asiwadai vibarua wake deni wakati ziwa limefungwa. Mwenye duka akopeshe bila riba. Sisi wa msikiti tutoe sadaka mapema, tusingoje mtu aje kuomba mlangoni. Tukikataza bila kusaidia, tumefanya nusu ya dini.

Ewe Mola, tubarikie ziwa letu, utupe riziki ya halali, na utujalie tuwaachie watoto wetu kile tulichokikuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.