SOMO: MAMA HUKUMBUKWA KWA KAZI YA MIKONO YAKE

Masomo ya Biblia: Matendo ya Mitume 9:36-42, 2 Wakorintho 1:3-4, Yakobo 1:27.

Kusudi la somo: Kujifunza namna ya kumkumbuka mama mwenye huruma, si kwa machozi tu, bali kwa kushika kazi aliyoiacha.



Katika vijiji vyetu tuna desturi ya kukumbuka marehemu. Watu wanakusanyika, wanaimba, wanakula, na kila mmoja anasimama kutaja wema wa yule aliyeondoka. Hayo si mabaya. Lakini kesho yake vyungu vimeoshwa, viti vimerudishwa kwa wenyewe, na mara nyingi kazi ya marehemu imezikwa pamoja naye. Kwa hiyo somo la leo linatuuliza: tunaposema kwamba tunamkumbuka mama aliyesaidia watu, tunaonyesha nini?

1. DORKASI WA YAFA

Mjini Yafa kulikuwa na mwanamke mwanafunzi wa Bwana, jina lake Tabitha, ndiye Dorkasi. Alipokufa, walimwita Petro. Wajane walisimama karibu naye wakilia. Lakini tuangalie vizuri: hawakulia tu. Walimwonyesha Petro nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai.

Biblia haituambii kama Dorkasi alikuwa na mume, wala shamba, wala cheo. Inatuambia habari ya nguo. Ushuhuda wake ulikuwa juu ya miili ya wajane. Mtu aliyetaka kujua Dorkasi alikuwa nani, aliwatazama tu wale aliowavika.

2. MAMA MASIKA WA MINOVA

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya zamani tu. Katika Kivu yetu alikuwako mama mmoja, Rebecca Masika Katsuva. Masika ni jina tunaloita binti zetu hapa kila siku. Yeye alifanya kazi yake Minova, kando ya Ziwa Kivu, katika teritware ya Kalehe. Ukitoka Kirumba kwa barabara ya Rutshuru na Goma, unapita Sake, ndipo unafika huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa vita, watu wenye silaha waliingia nyumbani mwake. Walimwua mume wake, wakambaka yeye na binti zake wawili, ambao walikuwa bado wasichana wadogo. Binti wote wawili walipata mimba. Baada ya hayo likaja jeraha la pili: jamaa ya mume hawakumpokea. Walimfukuza. Mjane huyo alitoka na watoto wake bila nyumba na bila mali.

Wengi wetu tungesema, mtu kama huyu anangoja kusaidiwa. Lakini Mama Masika alianza kuwapokea wanawake wengine waliobakwa na kufukuzwa kama yeye. Aliwatafuta hata vijijini, akawapeleka kwa waganga, akakaa nao usiku walipolia. Akaanzisha shirika, jina lake kwa kifupi APDUD. Aliwapokea pia watoto waliozaliwa kwa kubakwa, ambao hakuna aliyetaka kuwaita wake. Wote walimwita Mama.

Tena walikuwa na shamba. Wanawake walilima pamoja, wakavuna, wakala jasho lao. Mtu aliyefika akiona haya kuinua uso, alipewa jembe na nafasi katika mstari pamoja na wenzake.

Mwezi wa Novemba 2012, mji wa Goma ulipoanguka, askari wa serikali waliorudi nyuma walifika Minova. Wanawake zaidi ya 100 walibakwa huko katika siku chache. Wengi walikimbilia kwa Mama Masika, naye akawafungulia. Yeye mwenyewe alishambuliwa tena zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi yake, wala hakuiacha. Mwaka wa 2010 shirika la Amnesty International la Marekani lilimpa tuzo ya Ginetta Sagan. Alifariki tarehe 2 Februari 2016, akiwa hajatimiza miaka 50.

3. MAFUNDISHO MATATU

a) Faraja hutoka kwa aliyefarijiwa. Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki ili nasi tuwafariji wengine. Mama Masika hakungoja jeraha lake lipone kabisa ndipo asaidie. Alijua maumivu ya mwenzake, kwa hiyo hakumwuliza maswali ya kumwaibisha. Wapendwa, mwisho wa Juni 2024 vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, jamaa nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Tumejua maana ya kulala katika nyumba ya mtu mwingine na kula bugali ya mtu mwingine. Je, maarifa hayo tumeyaweka wapi?

b) Msaada mzuri humrudishia mtu heshima. Kutoa kikombe cha chumvi na kipande cha sabuni ni vema. Lakini mjane ana mikono. Akipata kipande cha shamba, mbegu ya maharagwe na wenzake wa kulima nao, msimu ujao atampa mwingine mbegu. Salongo tunaijua tangu zamani. Tulikuwa tunaifanya kwa barabara. Tunaweza kuifanya kwa shamba la mjane.

c) Mlango wa kwanza ni wetu. Hapa tuseme ukweli. Watu wenye silaha walimwua mume wa Mama Masika, lakini hawakuwa wao waliomfukuza nyumbani. Waliomfukuza walikuwa jamaa. Hata kwetu mume akifa, siku chache tu zinapita na shemeji anakuja kuhesabu mabati na mbuzi. Hata kwetu binti akibakwa, watu wanaanza kunong'ona nyuma yake kanisani, na mume anamwambia arudi kwao. Wengine huenda kupatana kwa mbuzi mmoja, na jambo linafunikwa.

Tufahamu mambo haya. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaadhibu ubakaji kwa kifungo kikali, wala mapatano ya mbuzi hayafuti kosa hilo. Na aliyebakwa anapaswa kufikishwa hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia ukimwi. Mjini Butembo kituo cha FEPSI kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatunza wanawake hao. Kwa hiyo kumwombea dada huyo ni lazima, lakini maombi yasichelewesha safari ya hospitali. Tumwombee tukiwa njiani pamoja naye.

Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwanza anataja watu, ndipo anataja kujilinda na uchafu wa dunia. Sisi mara nyingi tunageuza: tunaogopa uchafu, kisha tunamwita mchafu yule aliyetendewa ubaya. Aliyebakwa hana dhambi ya kutubu. Dhambi iko kwa aliyembaka, na iko pia kwa anayemfungia mlango.

4. NAMNA YA KUMKUMBUKA

Kila nyumba yetu ina mama wa kukumbuka: yule aliyelea yatima bila kuhesabu sahani, yule aliyepeleka uji kwa mgonjwa asiye wa jamaa yake. Siku ya kumkumbuka ikifika, tuimbe na tule. Lakini kabla ya kutawanyika, wenye nyumba waulize: mama huyu alikuwa anamtunza nani, na sasa mtu huyo anatunzwa na nani? Jina la mtu huyo litajwe mbele ya wote, na mmoja asimame aseme, mimi nitamchukua. Hapo ndipo tutakuwa na nguo ya kuonyesha kama wajane wa Yafa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini, na kwa nini?
2. Ni nani waliomtia Mama Masika jeraha la pili? Je, jambo hilo linatokea katika kanisa letu?
3. Katika mtaa wako ni mjane gani ambaye nyumba yake au shamba lake liko mashakani? Utazungumza na nani juma hili?
4. Binti akibakwa leo usiku, ni nani atampeleka hospitalini, na kwa njia gani?

Viongozi wa mitaa wasome somo hili pamoja na wababa, si wamama peke yao. Bwana atupe mikono inayoshona na milango inayofunguka. Amina.