Jamaa, Faragha na Kitabu: Namna ya Kuvipa Vyote Nafasi Nachingwea na Ruangwa

Muumini wa Nachingwea au Ruangwa hakosi pa kwenda. Ijumaa kuna msikiti, usiku wa kuamkia Ijumaa kuna dhikri, na kina mama wana darsa yao. Kwa Wakristo Jumapili ni ibada kanisani, katikati ya wiki ni jumuiya ndogondogo, na jioni mbili tatu ni mazoezi ya kwaya. Ongeza kikoba, mkutano wa chama cha msingi, arusi, msiba na shamba lenyewe. Wiki inaisha mtu amesali na watu mara nyingi, lakini hajapata hata robo saa ya kusali kwa utulivu akiwa peke yake. Na kile kitabu alichoazima kwa mwalimu bado kiko ukurasa uleule.

Wapo pia walioelemea upande wa pili. Wamechoka na vikao na michango, wakaamua kumwabudu Mungu nyumbani kwao. Miezi ya kwanza huwa mitamu. Baadaye sala zinafupika, kisha zinarukwa, na hakuna wa kuuliza, "Mbona siku hizi hatukuoni?"

Nataka kueleza namna ya kuweka sawa mambo matatu: ibada ya pamoja, ibada ya faragha, na kusoma kwa ajili ya kufurahi tu. Naamini kwa dhati kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo kila kimoja kipewe wakati wake, hata kama ni mdogo, na wakati huo ulindwe.

1. Jua kila kimoja kinakupa nini

Dini zetu zenyewe hazikuacha jambo hili gizani. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba swala ya jamaa inaizidi swala ya mtu peke yake kwa daraja 27. Mtume huyohuyo alihimiza watu waswali sunna majumbani mwao, nyumba zisifanane na makaburi. Injili ya Mathayo nayo imebeba mafundisho yote mawili: sura ya 6 inamtaka anayesali aingie chumbani na kufunga mlango, na sura ya 18 inaahidi kwamba Yesu yupo wanapokusanyika wawili au watatu kwa jina lake.

Twarika zimefuata njia hiyohiyo. Qadiriyya, ambayo Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909) alikuwa miongoni mwa waenezaji wake wakubwa Afrika Mashariki, ina uradi ambao muridi anausoma mwenyewe, na ina halaka ya dhikri ambayo haiwi bila watu. Muridi haambiwi achague.

Jamaa inakupa nidhamu na ndugu. Ukiugua wanajua, ukikosea kisomo unasahihishwa, na siku ambayo huna hamu ya kusali, sauti za wenzako zinakubeba. Faragha inakupa ukweli. Huko hakuna wa kumwonyesha, kwa hiyo unaweza kutaja deni lako, hasira uliyonayo kwa shemeji yako, na hofu ya mvua iliyochelewa. Kitabu cha raha kinaipumzisha akili na kukuingiza katika maisha ya watu ambao usingekutana nao kamwe.

2. Anza na eneo dogo

Nachingwea ina somo lake kuhusu mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na wakajenga reli kabla ya kuijua vizuri ardhi na mvua ya mahali. Mwanzoni mwa 1951 mpango ule uliachwa.

Ratiba ya ibada inaweza kufa vivyo hivyo. Mtu anatoka kwenye mahubiri au mawaidha moyo ukiwaka, anaapa kuamka usiku kila siku, kumaliza msahafu au Biblia kwa miezi miwili, na kuhudhuria kila kikao. Hajapima nguvu zake, umbali wa shamba wala idadi ya watoto wanaomtegemea. Lima kipande unachoweza kukipalilia. Kikikukalia vizuri msimu mzima, ongeza.

3. Chagua nguzo za jamaa, kisha omba udhuru kwa yanayobaki

Andika kwenye karatasi kila mkusanyiko wa dini unaouhudhuria kwa mwezi. Weka alama kwenye ule wa faradhi au wa amri: kwa mwanamume Mwislamu ni swala ya Ijumaa, kwa Mkatoliki ni misa ya Jumapili. Kisha chagua mmoja tu wa hiari ambao unakulea kweli: darsa, dhikri, jumuiya au kwaya. Hizo mbili ndizo nguzo zako. Mwanamke Mwislamu, ambaye swala ya Ijumaa si faradhi kwake, achague darsa moja aishike kama nguzo, asibaki bila jamaa kabisa.

Mikusanyiko mingine si ya kuitoroka kimyakimya. Kutoonekana bila taarifa kunazaa maneno, na maneno yanaumiza watu. Nenda kwa mhusika uongee naye. Kwa kiongozi wa jumuiya unaweza kusema: "Mama mwenyekiti, shikamoo. Jumuiya ya Jumatano nitafika kama kawaida, ila mazoezi ya kwaya naomba nipumzike mpaka palizi iishe." Kwa mwalimu wa madrasa: "Assalaam alaykum, ustadhi. Darsa ya Jumamosi nipo. Ya Jumanne naomba udhuru mpaka ufuta utoke shambani." Taja unachobaki nacho kabla ya kutaja unachoacha, na taja mwisho wa udhuru wako. Mkubwa akisikia kwamba una mwisho, anaelewa kwamba hujakimbia.

Msiba, mgonjwa na jirani aliyeunguliwa na nyumba havingoji ratiba. Hapo funga kitabu, acha kazi, nenda. Huko kwenda nako ni ibada.

4. Ifunge faragha kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

Faragha haidumu ikiachiwa "nikipata nafasi". Ifunge kwenye kitu kisichokosekana. Baada ya swala ya Alfajiri usiinuke hapohapo, kaa kwenye mkeka usome uradi wako kabla ya kushika jembe. Mkristo anaweza kusoma zaburi moja au kusali fungu moja la rozari kabla ya kuwasha moto wa chai. Simu iache chumba kingine.

Wakati wa kulinda shamba tuna nafasi nzuri ambayo wengi wanaipoteza. Mtu anayekaa dunguni kuwafukuza nyani na nguruwe pori ana saa nyingi za kuwa peke yake. Gawa saa hizo: mwanzo wa zamu uwe wa tasbihi au rozari, na baadaye, mwanga ukiruhusu, toa kitabu.

Kwa kina mama jambo hili ni gumu zaidi, na haki isemwe. Mama anaamka wa kwanza, anachota maji, analima, anapika, analaza watoto. Hakuna mbinu itakayompa faragha kama wenzake nyumbani hawamsaidii. Baba, mchukue mtoto kwa muda huo, au mkoroge uji wewe. Kama unajivunia mke mcha Mungu, mpe dakika za kuwa na Mungu wake.

5. Badilisha saa kulingana na msimu

Ratiba moja haiwezi kufaa mwaka mzima katika wilaya zinazoishi kwa korosho, ufuta na mbaazi. Hata watawa wanalijua hilo. Ukitoka Ruangwa ukafika Nanganga kwenye barabara ya Lindi na Masasi, upande mmoja utaikuta Nyangao na upande wa pili Ndanda, sehemu ambazo Wabenediktini wamekuwapo kwa zaidi ya karne. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inagawa siku katika sura yake ya 48 kati ya kazi za mikono na kusoma, na inazihamisha saa hizo kwa kufuata majira ya mwaka. Inakiri kwamba watawa wanaweza kulazimika kuvuna wenyewe, na inawataka wasihuzunike. Kama nyumba ya watawa inahamisha saa kwa ajili ya mavuno, mkulima asione aibu kufanya hivyo.

Wakati wa mvua, kuanzia kupanda mpaka palizi, shika nguzo zako mbili za jamaa na faragha fupi ya asubuhi. Usiku umechoka, kwa hiyo kurasa chache za kitabu zinatosha, na ukilala kikiwa mkononi hakuna aliyekosewa.

Ufuta ukishavunwa, jioni zinafunguka kidogo. Huu ndio wakati wa kurudi kwenye kwaya au darsa ya pili, na wa kuanza riwaya nene.

Korosho zikianza kuokotwa mpaka minada ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, akili ya kila mtu iko ghalani na kwenye bei. Hapo faragha inahitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu pesa ikiingia inakuja na majaribu yake. Kabla ya malipo kufika, kaa peke yako, sali, kisha andika itakavyotumika: zaka au fungu la kumi, ada za watoto, salfa ya msimu ujao, na bei ya kitabu kimoja.

Ramadhani na Kwaresma zina utaratibu wake. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo huzunguka misimu yote. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja, wakati mashamba bado yanadai jembe. Katika miezi hiyo acha jamaa ichukue sehemu kubwa: tarawehe, Njia ya Msalaba, futari na majirani. Punguza vikao vingine, lakini usiiache ile faragha ya asubuhi.

6. Kitabu cha raha kisigeuzwe kuwa wajibu

Msahafu, Biblia, tafsiri na vitabu vya mawaidha ni vya ibada. Viweke kwenye wakati wa faragha. Kitabu cha raha ni kingine, na kinafaa kwa sababu hakikudai kitu. Hakitahiniwi, hakihesabiwi thawabu, na kisipokupendeza unakirudisha na kuazima kingine.

Wapo wanaosema riwaya ni uongo usiomfaa mcha Mungu. Shaaban Robert, Mwislamu, ndiye aliyeandika *Kusadikika* (1951) na *Adili na Nduguze* (1952), hadithi za kubuni zilizojaa uadilifu. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa na nchi changa mikononi, alipata muda wa kutafsiri tamthilia za Shakespeare: tafsiri yake ya *Julius Caesar* ikatoka 1963 na *Mabepari wa Venisi* 1969. Kama yeye alipata saa ya fasihi, nasi tutaipata.

Usiseme vitabu hakuna kabla hujatazama ndani. Nyumba iliyosomesha mtoto sekondari huenda ina *Takadini* ya Ben Hanson au *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo chini ya kitanda. Mtoto aliisoma kwa hofu ya mtihani. Isome wewe kwa raha, utaona ni kitabu kingine. Kwa anayependa upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, na Bwana Msa wake, bado inakesheza watu. Walimu wa Kiswahili ndio wa kuulizwa kwanza. Ukiazima, rudisha kikiwa safi, na usimulie kidogo ulichokipenda. Mwenye kitabu atakuazima kingine kwa moyo mweupe.

Beba kitabu kwenye foleni ya ghala, ndani ya basi la Lindi, kwenye benchi la zahanati. Na jioni moja kwa wiki, wasomee wa nyumbani kwa sauti. Bibi asiyeona herufi vizuri atakuuliza kesho yake yule mtu alifanyaje, na watoto watajua kwamba kusoma si adhabu ya shule.

7. Jikague mwisho wa mwezi

Jiulize maswali matatu. Je, kuna mtu wa msikitini au kanisani aliyeugua mwezi huu nikachelewa kujua? Ukijibu ndiyo, jamaa imepungua. Je, nimesali lini mara ya mwisho bila mtu yeyote kuniona? Ukikosa jibu, faragha imepungua. Je, kuna hadithi niliyoisoma ikanifanya nicheke au nihuzunike? Ukiona hakuna, kitabu kimenyimwa haki yake.

Rekebisha kimoja tu kwa mwezi. Kama ni jamaa, rudi kwenye nguzo yako moja na umtembelee mtu mmoja. Kama ni faragha, ifupishe mpaka iwezekane, kisha ishike. Kama ni kitabu, badilisha kitabu kabla ya kujilaumu wewe.

Leo, kabla ya kulala, chukua karatasi uandike mistari mitatu: siku yangu ya jamaa, saa yangu ya faragha, kitabu changu cha mwezi huu. Mwonyeshe mwenzi wako au rafiki mmoja mnayeaminiana, umwombe akuulize umefikia wapi baada ya wiki nne. Tunaishi mahali ambapo watu bado wanaulizana habari kila asubuhi. Tuitumie neema hiyo kusaidiana katika hili pia.