Muulize Kwanza: Itafika Elfu?

Mdogo wangu wa Kitandililo, sogea hapa jikoni tuote moto. Umeniambia mwanao kajumlisha 48 na 37, akaandika 715, nawe ukamnasa kibao. Sikulaumu sana, maana hata mimi nilishamnasa wangu. Nilichovuna ni mtoto aliyekuwa akificha daftari nyuma ya magunia ya viazi akisikia hatua zangu.

Hebu iangalie hiyo 715. Nane na saba kapata 15, nne na tatu kapata saba, akaziandika zote kama zilivyo. Kujumlisha anajua! Kilichompita ni ukubwa: hajashtuka kwamba hamsini kasoro na arobaini kasoro haziwezi kuzaa mia saba.

Watafiti wamewajaribu watu ambao hesabu huwawia ngumu kwa kuwauliza tu kama jibu la hesabu limezidi namba fulani au halijaifikia. Namba ikiwa mbali na jibu, hupatia zaidi. Ikisogea karibu, huyumba na kuchelewa. Kwa hiyo kipimo wanacho, ila hakijanolewa. Basi anzia mbali, mama. "Itafika elfu?" "Mia tano je?" "Na mia?" Hapo atakuna kichwa. Mwache akune. Usimdai jibu kamili kabla hajakisia.

Ukimtuma sokoni Makambako na elfu tano, anunue nyanya za 1,900 na vitunguu vya 2,800, muulize kabla hajatoka: "Itatosha?" Akisema, "Mbili na tatu tano, itatosha, chenji kidogo," mpongeze, hata kama ile 300 hajaipata. Asiyejua kukisia ndiye atakayekuja kupunjwa bei ya viazi shambani kwake, na siku hiyo wewe hutakuwepo kumtetea.

Tena usijifungie na aibu. Watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania mwaka 2010 kuwapima watoto hesabu za darasa la pili, walikuta hata baadhi ya watoto wa madarasa ya juu zinawashinda. Si wewe peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kwa mwalimu wake, mweleze anapokwamia, na umwombe naye aanze na makadirio.

Ila kibao, mdogo wangu, nakukataza. Mtoto anayeogopa hakisii, anabahatisha ili yaishe. Wangu ilichukua muda, lakini jioni moja alilitoa daftari mwenyewe, akaniambia, "Mama, hili jibu kubwa mno, nimekosea wapi?"