Somo: Maji Safi na Upendo wa Jirani

Wapenzi wakatekumeni, Bwana wetu Yezu Kristu, alipochoka kwa safari, aliketi penye kisima cha Yakobo, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Yakobo alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini kisima chake kilikuwa kingali chawanywesha watu.

Nasi milimani Masisi na misituni Walikale twateka maji chemchemini. Lakini maji maangavu huweza kuleta mauti. Viini vya kolera havionekani kwa macho. Mwezi wa Julai 1994, huko Goma, viliwaua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache.

Basi chemchemi hulindwaje? Ijengewe ukuta wenye bomba. Upande wa juu uchimbwe mfereji wa kuepusha maji ya mvua. Izungushiwe ua, ng'ombe wasiikanyage. Choo kiwe upande wa chini, mbali mita 30 au zaidi. Chombo kiwe safi, chenye kifuniko. Penye shaka, maji yachemshwe.

Ajuaye hayo, kisha akaichafua chemchemi, ahatarisha uhai wa mtoto wa jirani; naye akosa juu ya amri ya tano.

MASWALI
1. Je, maji maangavu ni salama daima?
La, kwani viini vya ugonjwa havionekani.
2. Ni nani apaswaye kuilinda chemchemi?
Wote wainywao, Wakristu na wasio Wakristu.

AZIMIO
Juma hili nitakwenda pamoja na jirani zangu kuuzibua mfereji wa chemchemi yetu.