Spitfire yangu yafanana na kichezeo

SWALI: Nimeunda ndege ndogo ya kivita aina ya Spitfire, ya povu na yenye mota ya umeme, kwa kipimo cha 1:8. Rangi nimepaka vizuri, lakini inaonekana kama kichezeo. Tena ikipaa, inainua pua. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na pua, maana ndege iliyoanguka haina haja ya rangi. Mkia wa ndege yako ni mzito. Inyanyue kwa ncha za vidole chini ya mabawa, kwenye alama ya mizani iliyo katika mchoro, huku ukisogeza betri mbele mpaka ilale sawa au pua iiname kidogo. Usikimbilie kuongeza vipande vya risasi. Betri tayari ni uzito, tena wenye kazi.

Kuhusu sura, nadhani inang'aa mno. Pulizia vanishi isiyong'aa. Kisha saga mkaa laini, uchovye brashi kavu, upake masizi kuanzia mabomba ya moshi kurudi nyuma. Kidogo tu! Ukitaka kuongeza mistari myeupe na myeusi iliyopakwa kwenye ndege za kivita Juni 1944, kila mmoja ulikuwa na upana wa sentimita 46 hivi, kwa hiyo kwako ni 5.7. Mingi ilipakwa kwa haraka, kwa brashi. Kingo zikipinda kidogo, ziache hivyo.