Kolesteroli imeshuka: niache dawa?

SWALI: Daktari, nina miaka 54, nauza vitenge hapa Kampala. Miezi mitatu iliyopita nilipima damu, kolesteroli mbaya (LDL) ikawa 4.9. Nikaandikiwa atorvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku, nami nikapunguza nyama ya kuchoma. Juzi nimepima tena, imeshuka hadi 2.8. Jirani ananiambia nimepona, niache dawa isije ikaniharibu ini. Nifanyeje? – Mama wa Ntinda

JIBU: Mama, hongera kwa kurudi kupima. Ila dawa usiiache.

Kolesteroli nyingi iliyomo mwilini haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na ini lenyewe. Atorvastatini hupunguza utengenezaji huo, na ini likipungukiwa huanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Sehemu kubwa ya nafuu yako ni kazi ya kidonge hicho. Ukikiacha, baada ya wiki chache LDL itapanda tena, na hutahisi lolote, kwa kuwa kolesteroli haiumi. Wengi huja kuijua siku ya kiharusi au ya mshtuko wa moyo.

Kuhusu ini, madhara makubwa ni nadra. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi au misuli inauma bila sababu, rudi kwa daktari haraka. Mweleze pia dawa nyingine unazotumia, za mitishamba zikiwemo, na umuulize kuhusu balungi, maana huongeza nguvu ya dawa hii mwilini.

Hata hivyo kidonge hakikupi ruhusa ya kula ovyo. Itazame rolex ya barabarani: chapati imekaangwa kwa mafuta, mayai nayo yamekaangwa kwa mafuta, na ukiifungua, karatasi yote imelowa. Iwe ya siku mojamoja, si kifungua kinywa cha kila asubuhi. Matoke ya kuchemshwa hayana neno. Kula maharagwe, mboga za dodo na nakati, na samaki wadogo wa mukene. Mchuzi wa karanga ni mzuri, ila usiuongeze mafuta. Na chupa ikiandikwa "haina kolesteroli", kumbuka kuwa mafuta ya mawese yana mafuta yanayoganda kwa wingi, nayo hupandisha LDL. Afadhali alizeti, tena kwa kijiko.

Vyakula hivi vya hapa vina historia yake. Mwaka 1956, Daktari Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago alishiriki kuandika katika jarida la kitabibu habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wakati ule mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari. Baadaye yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, waliufundisha ulimwengu faida ya vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama walivyokula watu wa hapa. Leo wagonjwa wa moyo wana taasisi yao nzima palepale Mulago.

Kwa hiyo, mama, sahani na kidonge viende pamoja. Anayeweza kupunguza au kusimamisha dawa ni daktari aliyekuandikia, si jirani. Usiku wa leo, meza kidonge chako.