Aliyeumwa na Mbwa: Kwa Nini Sindano ya Kidondani?

Wazazi wanaotuletea mtoto aliyeumwa na mbwa hutuuliza: "Nesi, si mmekwisha kumchanja mkononi? Mbona mnamchoma tena kwenye kidonda?" Swali ni la haki, maana mtoto analia na mama naye analia.

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia mwilini pamoja na mate. Kila kirusi kina vijiti vidogo sana vya kujishikizia kwenye mishipa ya fahamu. Kikishashika, huingia na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Kikifika huko na dalili zikaanza, kama vile kuogopa maji, ni vigumu mno mtu kupona; karibu wote hufa.

Kingamwili ni askari ambao mwili hutengeneza katika damu. Hizo huvifunika vile vijiti, na kirusi huwa kama ufunguo uliogandwa na nta: kufuli lipo, ila ufunguo hauingii.

Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake, lakini kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14. Virusi havingoji. Ndiyo maana, meno yakitoboa ngozi, tunaweka kingamwili zilizo tayari, zilizotolewa katika damu ya watu au farasi waliochanjwa (naam, farasi!). Tunazichoma ndani na kandokando ya kidonda, mahali penyewe virusi vilipo. Hutolewa mara moja tu, siku ile ya chanjo ya kwanza. Zikikosekana siku hiyo, zisipite siku 7. Aliyewahi kumaliza chanjo hiyo zamani hazihitaji, bali huongezewa chanjo.

Dawa hii ni ghali na haipatikani kila hospitali. Hiyo isiwe sababu ya kukaa nyumbani. Osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kwani sabuni huua virusi, kisha mje siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa.

Linalotusikitisha zaidi ni wale wasiorudi kwa sindano zilizobaki kwa kuwa kidonda kimekauka. Ngozi hukauka upesi, lakini virusi huweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi, ndipo dalili zitokee.